Unaugua saratani? Mtafute daktari asiyeogopa jicho la pili

Na Mwandishi Wetu

HAKUNA neno linaloishtua familia kama saratani. Likishatamkwa na daktari, mara nyingi mgonjwa huwa hasikii tena yale yanayofuata. Hutoka chumbani na karatasi asizozielewa, na kabla hajafika kituo cha matatu ameanza kujiuliza: nitaishi mpaka lini, watoto watabaki na nani, pesa zitatoka wapi?

Siku mbili tatu zikipita na habari zikisambaa mtaani, kila mtu hugeuka kuwa daktari. Shemeji ana namba ya simu ya mtu anayepeleka wagonjwa India. Jirani anamfahamu mzee wa mitishamba ambaye, kwa maneno yake, hajawahi kushindwa. Mwenzako wa kanisani anakusihi usikubali kukatwa kisu kabla ya maombi. Mfanyakazi mwenzako anasema daktari fulani wa mjini ndiye bora kwa sababu kliniki yake ina viti vya ngozi na chai ya bure.

Je, msomaji, katika kelele hizo zote utamwamini nani?

Swali hili si dogo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2022 Wakenya zaidi ya 44,000 walipatikana na saratani, na wengine zaidi ya 29,000 wakafa kutokana nayo. Wengi wanakumbuka Julai 2019, mwezi ambao nchi ilimpoteza mkuu wa Safaricom Bob Collymore, kisha mbunge wa Kibra Ken Okoth na gavana wa Bomet Joyce Laboso, wote watatu wakiwa wameugua saratani. Ugonjwa huu haumjui tajiri wala maskini.

Ubaya ni kuwa mtu huanza kumtafuta daktari akiwa amejawa na hofu, na mfa maji haachi kutapatapa. Ndiyo maana ni vizuri kuyajua mambo haya ungali na utulivu, hata kama nyumbani kwako hakuna mgonjwa. Na likitokea la kutokea, jambo moja litakusaidia kuliko mengine yote: daktari wa kuaminika haogopi kazi yake itazamwe na jicho la pili. Mengine yote tutakayoeleza yanatokana na hilo.

KWANZA, NI DAKTARI KWELI?

Anza na jambo rahisi ambalo watu wengi huona haya kulifanya. Hakikisha mtu huyo ni daktari.

Kila daktari nchini Kenya ni lazima asajiliwe na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ambalo hadi mwaka wa 2019 liliitwa Bodi. Kusajiliwa mara moja hakutoshi. Leseni ya kufanya kazi huchukuliwa upya kila mwaka. Baraza huweka orodha ya madaktari wazi kwa umma kwenye tovuti yake, na ukiwa na jina kamili la daktari unaweza kuangalia kama amesajiliwa, kama leseni yake ni ya mwaka huu, na kama ametambuliwa kuwa mtaalamu wa fani fulani. Kijana yeyote wa chuo aliye na simu anaweza kumfanyia mzazi wake kazi hii kwa dakika chache. Daktari mgeni anayekuja nchini kwa siku chache kuendesha kliniki au kambi ya matibabu naye anahitaji kibali cha Baraza hilo.

Baada ya hapo, uliza fani yake. Koti jeupe halionyeshi tofauti ya ofisa wa kliniki, daktari wa kawaida, daktari wa upasuaji na mtaalamu wa saratani, ambaye hospitalini huitwa onkolojisti. Kila mmoja ana kazi yake ya maana. Mara nyingi ofisa wa kliniki katika zahanati ya mtaani ndiye wa kwanza kuuona uvimbe, na akikuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa siku hiyohiyo amekutendea wema mkubwa. Hatari inaanza pale mtu ambaye saratani si fani yake anapokuweka kwenye kliniki yake kwa miezi, akibadilisha tembe za maumivu na kukuambia "tuone kwanza".

Usidhani pia kwamba mtaalamu hupatikana Nairobi pekee. Hospitali ya Tenwek kule Bomet inajulikana sana kwa kazi yake ya saratani ya umio, yaani mrija unaoteremsha chakula, kwa sababu ugonjwa huo ni mwingi katika sehemu hizo. Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret imehudumia wagonjwa wa saratani kwa miaka mingi. Daktari ambaye ameona wagonjwa mia moja wenye saratani kama yako ana jambo ambalo daktari wa jengo la fahari hana. Kwa hivyo usione vibaya kuuliza: "Daktari, wagonjwa kama mimi huwa unaona wangapi kwa mwezi?"

LESENI PEKEE HAITOSHI

Hata hivyo, leseni ni mlango tu. Tukio lililotikisa Marekani linatufundisha hivyo.

Katika jimbo la Michigan kulikuwa na mtaalamu wa saratani aliyeitwa Farid Fata. Alikuwa na vyeti halali, kliniki kadhaa na wagonjwa wengi waliompenda. Agosti 2013 alikamatwa, na mwaka uliofuata akakiri mahakamani kwamba alikuwa akiwapa watu dawa kali za saratani wasizozihitaji ili ajipatie pesa za bima. Wengine hawakuwa na saratani hata kidogo. Serikali ilihesabu wagonjwa 553 waliodhulumiwa. Julai 2015 alifungwa jela miaka 45.

Aliyesaidia kuufichua uovu ule hakuwa polisi. Alikuwa daktari mwingine katika kliniki hiyohiyo, aliyemhudumia mgonjwa mmoja wakati Fata hayupo, akafungua faili, akaona vipimo havionyeshi saratani yoyote. Hilo ndilo jicho la pili tunalolizungumzia.

Tusielewane vibaya. Madaktari wa aina ya Fata ni wachache mno. Madaktari wengi wa saratani hapa kwetu wanafanya kazi ngumu, foleni ni ndefu, vifaa ni haba, na kosa linapotokea huwa ni kosa la mtu aliyechoka wala si la mwizi. Lakini kosa ni kosa, liwe la uchovu au la tamaa, na dawa yake ni ileile: mtu mwingine mwenye ujuzi aitazame kazi.

KAZI HUANZIA MAABARA

Sasa utamjuaje daktari mzuri kwa kazi yake? Tazama anakoanzia.

Saratani haithibitishwi kwa kupapasa uvimbe, wala kwa kipimo cha damu peke yake, wala kwa picha pekee. Ila katika hali chache, huthibitishwa kwa kuchukua sampuli, yaani kipande kidogo cha nyama kutoka mahali penye ugonjwa, na kukipeleka maabara kwa mwanapatholojia akakichunguze kwa darubini. Saratani ya damu huchunguzwa kwa damu na uboho wa mfupa. Ripoti ya mwanapatholojia ndiyo msingi wa nyumba yote. Mtu akitaka kukuanzishia dawa za kemikali, zile wengi tunaziita kemo, bila ripoti hiyo, mwombe akueleze kwa nini, na kama jibu halieleweki, ondoka.

Chukua mfano wa mzee anayelalamika kwamba ugali unamkwama kooni. Anaambiwa ana vidonda vya tumbo, anapewa dawa, anarudi, anapewa nyingine. Miezi minne baadaye anameza uji tu na nguo zimemlegea mwilini. Daktari makini angemtuma mapema akateremshiwe kamera ndogo kooni na sampuli ikachukuliwa. Chakula kukwama, kupungua uzito bila sababu, damu kwenye choo, uvimbe kwenye titi, mwanamke kuvuja damu baada ya kukoma hedhi: haya si mambo ya kutibiwa kwa kubahatisha mara tatu. Wizara ya Afya ilieleza zamani katika mpango wake wa kupambana na saratani kwamba kati ya asilimia 70 na 80 ya wagonjwa wetu hugunduliwa ugonjwa ukiwa umeshaendelea sana. Sehemu ya ucheleweshaji huo ni yetu sisi tunaokaa nyumbani tukiogopa, na wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini sehemu nyingine hutokea kliniki.

Baada ya ripoti, daktari mzuri atataka kujua ugonjwa umefika wapi. Hapo ndipo picha za skani huingia, na ndipo utasikia habari za hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne. Kwa saratani ya titi kuna zaidi. Uvimbe hupimwa kama unalishwa na homoni, na kama una protini nyingi iitwayo HER2. Vipimo hivi si mapambo. Mama ambaye uvimbe wake unalishwa na homoni huenda akasaidiwa kwa miaka na tembe kama tamoxifen. Ambaye uvimbe wake una HER2 nyingi anaweza kufaidika na dawa ya trastuzumab. Bila vipimo hivyo daktari anarusha mawe gizani.

Kisha uliza swali hili: "Je, kesi yangu imejadiliwa na madaktari wengine?" Hospitali kubwa huwa na kikao ambapo daktari wa upasuaji, mtaalamu wa kemo, mtaalamu wa mionzi na mwanapatholojia huketi pamoja na kuzungumzia mgonjwa mmoja mmoja. Penye wengi hapaharibiki neno. Aidha, Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kitaifa wa kutibu saratani mwaka wa 2019. Ukimuuliza daktari kama mpango wako unafuata mwongozo huo, aliye mzuri atakuambia ndiyo, au atakueleza kwa nini kwako ameona afuate njia nyingine.

Matibabu yakishaanza, fungua macho pia. Kabla ya kila awamu ya kemo unapaswa kupimwa uzito na damu yako kuangaliwa, kwa sababu kipimo cha dawa hutegemea ukubwa wa mwili wako, na damu ikiwa imeshuka sana dawa yenyewe inaweza kukudhuru. Mahali ambapo unafika, unatundikiwa dripu, unalipa na kwenda nyumbani bila mtu kukupima, si mahali pa kuaminika hata kama pana zulia sakafuni.

UMPIME KWA MASWALI

Sisi Wakenya tumelelewa kumheshimu daktari kiasi cha kumwogopa. Tunaitikia "ndiyo daktari" kwa kila jambo, kisha tunatoka nje na kumuuliza askari wa langoni maana ya tulichoambiwa. Mwenendo huu unaua watu. Kuuliza si ujinga, na wala si utovu wa adabu.

Andika maswali yako kwenye karatasi usiku kabla ya kwenda. Nenda na mtu mwenye masikio mazuri, mume, dada au mtoto aliye chuoni, naye aandike majibu. Maswali yenyewe yasiwe mengi:

"Saratani yangu ni ya aina gani na iko hatua gani?"

"Lengo la matibabu haya ni kuniponya, kuniongezea muda, au kunipunguzia maumivu?"

"Kuna njia nyingine? Nisipotibiwa itakuwaje?"

"Dawa hizi zitanifanya nini mwilini, na usiku nikizidiwa nimpigie nani simu?"

"Yote kwa jumla yatagharimu kiasi gani?"

Msikilize anavyojibu. Daktari wa kuaminika anaweza kuwa na dakika kumi tu, foleni ikiwa mpaka nje, lakini katika dakika hizo atakutazama wewe. Atasema "sijui" pale asipojua. Atachora mchoro kwenye karatasi. Ukimwambia hujaelewa, atarudia kwa Kiswahili chepesi au atamwita muuguzi anayeijua lugha yenu. Asiyeaminika atakukatiza, atakutisha kwamba ukitoka leo utakufa, au ataapa kwamba utapona kwa asilimia mia moja. Hakuna daktari mkweli wa saratani anayeapa hivyo.

Katika jambo hili sheria iko upande wako. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamtaka mhudumu wa afya akueleze hali yako, njia za matibabu zilizopo, faida zake, hatari zake na gharama zake, tena kwa lugha unayoielewa pale inapowezekana. Inakupa pia haki ya kukataa.

KUTAFUTA MAONI YA PILI

Hapa ndipo wengi hushikwa na haya. "Nikimwambia nataka kumwona daktari mwingine, si atakasirika aniache?"

Mkataba wa kitaifa wa haki za wagonjwa, uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka wa 2013, unataja wazi haki ya kupata maoni ya daktari wa pili. Huombi fadhila. Na hakuna haja ya ugomvi. Sema hivi: "Daktari, nakushukuru kwa ulivyotushughulikia. Kabla hatujaanza, familia ingependa daktari mwingine atazame ripoti hizi. Tafadhali tupatie nakala." Daktari mzuri ataagiza nakala zitolewe, na huenda akakutajia jina la mwenzake anayemheshimu. Akipandisha hasira, amekujibu swali lako la kwanza bila wewe kuliuliza.

Liko jambo moja ambalo familia nyingi hazilijui. Sampuli yako haitupwi baada ya ripoti kuandikwa. Maabara huigandisha ndani ya kipande cha nta na kuihifadhi, pamoja na vioo vidogo vilivyotazamwa kwa darubini. Mwanapatholojia wa hospitali nyingine anaweza kuvisoma upya vioo hivyo, au kukata vipande vipya kutoka kwenye nta, bila wewe kudungwa wala kukatwa tena. Kwa hiyo unapoomba nakala za ripoti, uliza pia habari za nta na vioo. Chukua na picha za skani zenyewe kwenye diski, maana maelezo ya maandishi peke yake hayatoshi.

Lakini angalia, msomaji. Kutafuta maoni ya pili si kuzunguka mji ukitafuta daktari wa kukuambia huna saratani. Wako watu waliowapita madaktari sita, mmoja baada ya mwingine, uvimbe ukikua, kwa sababu kila mmoja alisema lilelile wasilotaka kulisikia. Wawili wakikubaliana, anza. Kwa saratani nyingi, wiki mbili au tatu za kuhakikisha hazileti madhara. Miezi sita ni habari nyingine. Tena kuna hali ambazo hazingoji hata wiki: saratani ya damu inayokuja ghafla, kuvuja damu nyingi, kushindwa kupumua, au miguu kupoteza nguvu ghafla. Hapo tibiwa kwanza, maoni ya pili yatafuata.

PESA NA SAFARI ZA NG'AMBO

Hakuna familia inayopambana na saratani isiyoongea juu ya pesa. Harambee huitishwa, mchango hupitishwa kazini, na wakati mwingine shamba la urithi huwekwa sokoni. Ndiyo maana daktari mwaminifu huzungumzia gharama mapema, kabla hujaanza, wala si baada ya kulazwa.

Muulize ni sehemu gani italipwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024. Kuna kiwango kilichotengewa matibabu ya saratani kwa kila familia kwa mwaka, na kwa kuwa viwango hivi hubadilishwa, uliza ofisi ya SHA iliyo hospitalini cha siku hiyo ni kipi. Kisha uliza kitu kingine: "Daktari, matibabu haya haya yanapatikana katika hospitali ya serikali?" Kuna madaktari wanaofanya kazi pande zote mbili, na aliye mwema atakuambia kwamba kinachokugharimu mamilioni hapa unaweza kukipata kwa bei nafuu kule, ingawa utasubiri.

Kwa miaka mingi Hospitali ya Kenyatta ndiyo iliyokuwa hospitali pekee ya umma iliyotoa tiba ya mionzi, na foleni yake ilikuwa ya kuvunja moyo. Mambo yamebadilika kiasi. Mionzi sasa hupatikana pia katika Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyofunguliwa kwa wagonjwa mwaka wa 2019, na vituo vingine vilianzishwa Mombasa, Nakuru na Garissa. Jambo hili lina uzito kwa sababu mionzi hutolewa kidogo kidogo, kwa kawaida siku tano kwa wiki kwa majuma kadhaa, na mtu wa Garissa hawezi kulala kwa jamaa mtaani Kayole muda wote huo bila kuelemea nyumba.

Na India je? Ziko hospitali nzuri sana kule, na wapo Wakenya waliorudi wazima. Lakini kabla ya kuuza chochote, uliza mambo mawili. Je, kule kuna tiba ambayo hapa haipo, au ni ileile? Na anayekushauri uende, anapata nini? Baadhi ya wanaopanga safari hizi hulipwa kwa kila mgonjwa wanayempeleka. Mwombe daktari wako aandike barua inayoeleza kwa nini uende, na ambaye atakupokea ukirudi. Kemo haiishii kwenye uwanja wa ndege.

AHADI TAMU

Hakuna asiyekumbuka mwaka wa 2011. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kwa wote kama Babu, alikuwa akigawa kikombe cha dawa ya mizizi kwa Sh500 za Tanzania. Ilisemekana kikombe kimoja kilitibu ukimwi, kisukari na saratani. Magari yalipanga foleni kilomita kwa kilomita, na Wakenya walikuwa wengi miongoni mwa waliokwenda, wakubwa kwa wadogo. Baadhi ya wagonjwa waliacha dawa za hospitali wakiamini wamepona. Babu mwenyewe aliaga dunia Julai 2021, na magonjwa yale bado tunayo.

Hatusemi usiombe. Maombi yamewatia nguvu wagonjwa wengi katika usiku mrefu. Wala hatusemi kila mti wa porini ni bure, kwani dawa kadhaa za kemo zenyewe zilitokana na mimea. Tunachosema ni kwamba mtu yeyote, awe wa kanisani, wa msituni au wa kliniki, anayekutaka uache matibabu yaliyothibitishwa ili afanye yake, hakutakii mema. Ukitumia mitishamba, mwambie daktari wako, kwa sababu mingine huathiri ini na kuharibu kazi ya kemo. Daktari mzuri hatakucheka wala kukukaripia. Atakuuliza ni dawa gani na unakunywa kiasi gani, kisha atakushauri.

ANAYESEMA UKWELI MPAKA MWISHO

Tumeacha jambo gumu kuliko yote mwishoni.

Katika nyumba nyingi, watoto humvuta daktari kando na kumnong'oneza: "Tafadhali usimwambie mama. Ataanguka." Wanafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini ugonjwa ni wa mama, na mwili ni wake. Anayefichwa hujua tu, kutokana na macho yenu mekundu na mazungumzo yanayokatika akiingia sebuleni. Kisha hubaki na hofu yake peke yake. Daktari wa kuaminika atawasikiliza ninyi, halafu ataenda kumuuliza mama mwenyewe: "Mama, ungependa kujua kiasi gani kuhusu ugonjwa wako?" Na atamjibu kwa kiasi alichouliza.

Vilevile atasema pale tiba inapofika kikomo. Ni rahisi, na kuna faida ya pesa, kuendelea kutundika dripu moja baada ya nyingine mpaka siku ya mwisho huku familia ikilipa. Inahitaji moyo kusema: "Dawa hii haisaidii tena. Siwezi kuuondoa ugonjwa huu, lakini maumivu ninaweza kuyapunguza, na sitakuacha." Mgonjwa aliyeambiwa hivyo hupata nafasi ya kupatana na ndugu, kuandika wosia, na kulala kitandani mwake mwenyewe.

Huduma hiyo ipo. Hospisi ya Nairobi, katika uwanja wa Hospitali ya Kenyatta, ilianza mwaka wa 1990, na baadaye hospitali nyingi za kaunti zilifungua vitengo vya kupunguza maumivu. Dawa kuu ya maumivu makali ni mofini ya kunywa. Wengi huiogopa wakidhani ni kumharakisha mtu kaburini. Sivyo. Ikitolewa kwa kipimo na mtu aliyefunzwa, humwezesha mgonjwa kulala, kula kidogo na kuongea na wajukuu. Tena si ya walio kufani pekee. Hata anayetarajiwa kupona ana haki ya kutoteseka.

Na iwapo daktari amekutendea vibaya, usinung'unike mtaani tu. Anza na uongozi wa hospitali, kwa maandishi. Usiporidhika, peleka malalamiko kwa Baraza la Madaktari, ambalo lina mamlaka ya kumchunguza na kumwadhibu. Ndiyo sababu ni lazima kila karatasi itunzwe. Nunua faili moja leo, ya shilingi chache tu. Weka humo kila ripoti, kila risiti, jina la kila dawa na tarehe uliyopewa. Isikae kwa daktari. Ikae nyumbani, mahali ambapo kila mtu wa nyumba anapajua.

Faili hiyo ndiyo itakayomwezesha daktari wa pili kukusaidia usiku utakapozidiwa na wa kwanza hapatikani. Na siku utakapoiweka mezani mbele ya daktari wako mpya, mtazame. Akiifungua na kuisoma kutoka ukurasa wa kwanza kabla ya kusema lolote, huenda umempata unayemtafuta.